Romagnoli wa Lewisham

Hadi leo nikinusa kahawa iliyochanganyika na mafuta ya kukaangia mayai, namkumbuka Bwana Romagnoli, na nasonya. Alikuwa na mkahawa karibu na soko la Lewisham, huku kwa Waingereza, na mama yangu alimwoshea vyombo jikoni. Kiangazi kile shule zilifungwa, nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia, basi nikawa nashinda kwenye meza ya pembeni nikinywa maziwa na kusikiliza majigambo. Kila mteja alisimuliwa: Romagna ni nchi ya kale huko Italia, nayo imeitwa hivyo kwa heshima ya mababu zake. Eti nchi nzima imebeba jina la muuza mayai! Mwenyewe alizaliwa hapo hapo Lewisham, na Kiitaliano chake kiliishia kwenye majina ya vyakula.

Mama alitaka kitu kimoja tu: atoke kwenye sinki, ahudumie kaunta. Mikono yake ilishababuka kwa sabuni, na kaunta aliahidiwa tangu alipoajiriwa. Ijumaa moja akaomba tena, mkahawa ukiwa umejaa. Yule bwana akapaza sauti ili wateja wasikie: mbele panataka mtu mwenye asili yake, si hawa watu wa kuja.

Lo! Mama akajifuta mikono taratibu. Sisi ukoo wetu ni Mnyasa. Babu mzaa baba alitoka Ziwa Nyasa kwenda Tanga kukata mkonge, na ni watu wa Tanga waliombandika jina hilo. Kwao ziwani nani angemwita Mnyasa, na wote ni Wanyasa? Basi mama akauliza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Bosi, huko Romagna si wote ni watu wa Romagna? Sasa babu yako nani alimwita Romagnoli, kama si wenyeji wa kule alikohamia?"

Mteja mmoja alicheka hadi akapaliwa na chai. Bosi akaiva uso. "Vua aproni," alisema. Mama akaivua, akaikunja vizuri, akanishika mkono tukatoka. Kaunta hakuipata, na sinki pia akalikosa. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote, na sijaona sababu ya kuacha.

Siku hizi mkahawa umekuwa duka la simu. Majivuno ndiyo hayakufungwa, yamehamia kwetu. Kaka yangu Festo, Mnyasa wa mtaa wa Barking, ana nyumba na kitambi, na Jumapili iliyopita, pilau ikiwa mezani kwake, alianza kulalamika kwamba wageni wamezidi mtaani, hawana ustaarabu, warudishwe makwao. Wanawe, wanaotujibu kwa Kiingereza tu, wakatikisa vichwa kukubali. Nilimtazama kwa dharau nisiyoificha. Mama hakuinua hata macho.

"Romagnoli," alimwambia Festo, "hebu nisogezee kachumbari."