Mbwa Apandishwe Kwanza

Asubuhi tulipoukimbia mtaa wa Lumumba kwa lori, vita vikiwa vimeingia Bunia, mama mmoja alitufikia na beseni kichwani. Ndani yake, chini ya kitenge, walilala watoto wa mbwa. Mama yao alimfuata nyuma.

“Mama, weye panda,” dereva alisema. “Imbwa hapana. Zitalia, wenye bunduki watatusikia.”

“Papa shofere, mutoto mwenye ananyonya hawezi lia. Pandisha kwanza mama yao.”

Dereva aliitazama barabara, akainama, akambeba mbwa yule kwa adabu ya mtu anayempandisha mama mkwe.

Njia nzima watoto wale walinyonya kimya. Kelele zilikuwa zetu sisi watu wazima, kila mmoja akitaja alichosahau nyumbani.