Alama Thelathini na Moja za Mama Breki

Hakuna aliyemwita kwa jina lake tangu alipoanza kufundisha udereva, miaka ishirini na miwili iliyopita. Wanafunzi walimwita Mama Breki, wakawaambukiza wake zao na waume zao, mpaka binti yake mwenyewe, akikasirika, humwita hivyohivyo. Yeye hakukataa. Alisema wapo waliopewa majina mabaya zaidi kwa kazi nzuri zaidi.

Gari lake dogo jeupe lina pedali mbili za breki: moja ya mwanafunzi, nyingine chini ya mguu wake yeye, upande wa abiria. Hiyo ya pili mpira wake umelika hadi chuma kinang'aa. Ukitaka historia ya mwanamke huyu usimuulize. Inama uitazame pedali hiyo. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeumia mikononi mwake, wala kuku.

Kisha kampuni ya bima ikafunga kidude chini ya usukani, cheusi, ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ni kupeleka habari ofisini: mwendo, kona, breki, mahali gari lilipo. Dereva mtulivu hupata alama nyingi. Mwezi wa tatu ikaja barua. Mama Breki alikuwa na alama thelathini na moja kati ya mia. Asipofika sitini mwezi unaofuata, bima haitahuishwa. Na gari lisilo na bima haliruhusiwi kubeba mwanafunzi hata mmoja.

Aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Heri wangemwambia hajui kuchemsha maji.

"Dada, si nilikwambia ukizibe?" alisema mwalimu mwenzake mwenye gari la kijani, ambaye huegesha jirani naye. "Mimi changu nimekivisha ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Huko ofisini wanajua nimelala tangu Januari."

"Na siku ukigongwa?"

"Nitaamka."

"Haya, lala. Mimi sijafanya kosa la kujificha."

Binti yake, anayeshika daftari la wanafunzi, alikuwa na shauri jingine. "Mama, liache tu lile somo la Jumatano. Mwezi mmoja. Alama zitapanda zenyewe."

Somo la Jumatano ndilo lililompa jina. Kila mwanafunzi, kabla hajaingia barabara kuu, huendesha kwa mwendo wa kilomita arobaini kwenye uwanja mtupu wa ghala la zamani, na mbele yake imesimamishwa ndoo ya plastiki. Bila onyo lolote Mama Breki hugonga dashibodi kwa kiganja. Ukisikia, simama, usiulize kwa nini, usimtazame usoni. Ndoo ikiguswa, unarudia. Wengine wamerudia mara kumi na tano, shati limelowa mgongoni. Na kidude kilihesabu kila breki hiyo kuwa kosa la dereva asiye na akili.

"Kwa mwezi napitisha wanafunzi tisa," alimjibu binti yake. "Nimwachie barabara yupi kati yao akiwa hajui kusimama? Nitajie, mwanangu, nikawaombe radhi wazazi wake mapema."

Binti akafunga daftari.

Alhamisi asubuhi Mama Breki akaenda ofisi ya bima. Aliyempokea ni afisa kijana mwenye miwani, mpole, ambaye aligeuza kompyuta ili naye aione.

"Tazama mwenyewe, mama. Breki za ghafla mia mbili na kumi na mbili. Hizo nukta nyekundu."

"Ziko wapi?"

"Hapa."

"Zote?"

Kijana akaikuza ramani. Nukta zilikuwa zimerundikana mahali pamoja kama siafu juu ya sukari, Jumatano kwa Jumatano, saa mbili hadi saa sita. Barabarani hapakuwa na hata moja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Halafu naona kila Jumapili saa kumi gari linasimama kando ya mto, saa nzima..."

"Hilo si la breki," Mama Breki alimkatiza, bila kupandisha sauti. Nyumbani wote walijua kwamba saa hiyo gari huwa kwa fundi. Ukweli ni kwamba hukaa ndani yake akitafuna karanga peke yake, viatu amevua, simu ameizima. Alijihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni. "Breki zangu nimekubali mzihesabu. Jumapili yangu sikuwapa."

Kijana akashusha macho na kuifunga ile ramani. "Samahani, mama. Lakini alama zinapangwa na kompyuta. Mimi siwezi..."

"Leseni unayo?"

"Ninayo."

"Basi shika ufunguo."

Uwanjani kijana aliendesha kwa madaha, mkono mmoja dirishani. Kiganja kilipogonga dashibodi, alimgeukia mwalimu wake na kuuliza, "Nini?" Ndoo ikapaa kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Mara ya pili alikanyaga breki, lakini ndoo ilikwisha kuingia chini ya gari ikilia kama mbuzi. Mara ya tatu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Ndoo ikaanguka hata hivyo. Mara ya nne gari lilisimama, likazima. Mbele yake ndoo ilikuwa imesimama wima, shubiri moja tu kutoka kwenye bampa.

Kijana alivuta breki ya mkono, akihema. "Miaka saba naendesha," alisema. "Nina mtoto anayekaa kiti cha nyuma. Hakuna aliyewahi kunifundisha hili."

"Umeshafundishwa. Na nyekundu nne umeniongezea."

Siku ya tisa baada ya hapo, kijana alimwita Mama Breki ofisini. Barua ilikuwa fupi: bima imehuishwa, na breki zitakazokanyagwa kwenye uwanja ule saa za masomo hazitahesabiwa. Mama Breki aliisoma hadi kwenye muhuri. Kidevu chake kilipanda kidogo, kama cha mtu anayeitwa mbele ya umati kupokea haki yake.

"Na wenzangu je?"

"Barua hii ni yako, mwalimu. Wenzako hawajalalamika."

"Hawajalalamika kwa sababu hawakuona wa kumlalamikia. Sasa mimi nimekuona. Andika nyingine, ya walimu wote wa udereva mjini hapa. Na hiyo habari ya Jumapili uiweke pia: kazi ikiisha, gari ni la mwenyewe."

"Lazima nimuulize mkubwa wangu."

"Muulize kwa maandishi."

Akavuta kiti, akaketi wima, mkoba magotini. Kijana akamtazama, akatazama mlango wa mkubwa wake, kisha akaanza kuandika mbiombio.

"Polepole," Mama Breki alimwambia. "Nitasoma kila mstari."