Cheri za Verlene Dykhouse

Nimepeleka barua Cholla Wash tangu nina mimba ya mwanangu wa kwanza, na kwenye barabara nzima ile ya vumbi hakuna nyumba iliyoniumiza mgongo kama ya Verlene Dykhouse. Majirani zake waliletewa bili na vidonge. Yeye aliletewa miti.

Ilikuja kwenye maboksi marefu membamba, miche mitupu kama fimbo, mizizi imezungushiwa karatasi mbichi na nailoni. Boksi la kwanza nililomshushia lilifika mwezi wa nne, jua letu limeshaanza kuuma. Alinipokea getini amevaa kofia ya mumewe, akalikumbatia lile boksi kama mtu anayempokea mjukuu uwanja wa ndege.

"Kuna nini humu, bibi?"

"Cheri, mwanangu. Cheri zenyewe, za kwetu."

Nikatazama nyuma yake. Changarawe, miiba, na mlima uliobabuka. Nikagusia jua letu, akanikata, nami nikaliacha, maana tulikuwa bado hatujazoeana. Mumewe, Merle, ndiye aliyepaza sauti kutoka barazani, mrija wa oksijeni puani, akiniita kwa jina lililo kwenye beji yangu.

"Mwambie ukweli, Ofelia! Mwambie amenunua kuni!"

Verlene alikuwa binti wa mkulima wa cheri, yale matunda madogo mekundu, huko Michigan, kwenye theluji. Baba yake alipofariki, kaka yake aliuza shamba lote, nyumba zikajengwa juu yake. Haukupita muda mapafu ya Merle, yaliyovuta moshi wa kiwanda cha kuyeyusha chuma ujana wake wote, yakagoma. Daktari akasema mgonjwa atafutiwe hewa kavu. Ndivyo walivyoangukia kwetu Arizona, kwenye kijumba cha mabati na kiwanja kikubwa kisichoota kitu. Verlene hakulia. Alifungua katalogi la miche akaagiza.

Na kweli zikawa kuni. Mwezi wa sita majani yaliungua pembeni, mwezi wa saba ukigusa kitawi kinakatika mkononi. Mwaka uliofuata akaagiza tena, aina ile ile, kwa wale wale. Merle alikuwa akiniona nashusha boksi ananiuliza, "Leo umetuletea marehemu gani?" Mkewe anaingia ndani anabamiza mlango wa wavu.

Mwaka wa tatu sikuvumilia.

"Bi Verlene, nikikuambia kitu utakasirika?"

"Nitakasirika. Haya, sema."

Nikamwambia yale aliyonifundisha mama yangu, ambaye amekula matunda ya uani kwake jangwani humu maisha yake yote. Kwamba cheri ya Michigan inataka kulala baridi ndefu, na huku kwetu baridi ni ya kusinzia tu, kwa hiyo mti unaamka umechoka. Aagize aina zilizotengenezwa kwa baridi fupi. Boksi lifike Januari, si Aprili. Shina alipake rangi nyeupe, maana jua linachoma gome. Juu aweke neti ya kivuli. Na maji asinyunyize kila jioni kama anabatiza. Achimbe bonde kuzunguka mti, amwage taratibu mpaka yazame chini kabisa.

Alinisikiliza amekunja mikono.

"Na ulikuwa wapi mwaka juzi na maneno haya?"

"Nilikuwa hapa hapa getini. Ukaniambia baba yako alilima cheri mama yangu hajazaliwa."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Akacheka, mara ya kwanza nimsikie. "Basi nilikuwa mpumbavu. Ingia unywe chai ya barafu."

Toka hapo kiwanja kile kikaanza kuonekana cha mtu. Alipata pichi zilizoiva mwezi wa tano kabla joto halijazikausha. Alipata matufaha ya mwezi wa sita, madogo, ya njano, tini, na makomamanga. Aliweka uzio wa waya kwa ajili ya sungura, akawatukana hata hivyo kila asubuhi. Nilikuwa nikipita nakuta mfuko wa pichi umening'inizwa kwenye sanduku lake la barua, umefunikwa taulo lililoloweshwa. Merle alikula pichi ya kwanza ameinama juu ya sinki, maji yakimtiririka mpaka kiwiko, akasema, "Si mbaya." Kwa Merle hiyo ilikuwa hotuba.

Lakini cheri ndiyo aliyoitaka. Hatimaye akapata aina mbili za baridi fupi, zinazochanua pamoja, kila mti ukimhitaji mwenzake ili kuzaa. Akaipanda upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi tu. Kisha akangoja, mwaka mmoja baada ya mwingine, akiitazama kwa dirisha la jikoni.

Hapo ndipo habari ya maji ilipoingia. Cholla Wash haina bomba. Sisi sote tuliishi kwa maji ya boza, lori la tangi, yanayochotwa mji jirani na kumwagwa kwenye matangi yetu. Mji ukatutangazia kwamba mto unapungua, na watu wa nje ya mpaka wake watakatiwa. Baadhi yetu tukasema tuunde bodi yetu ya maji, tutafute chanzo chetu wenyewe. Akatokea Dwight Ferrin, mfuga farasi wa mwisho wa barabara, mtu wa kofia safi na maneno laini. Akapita nyumba hadi nyumba akiwaambia watu kwamba bodi ni serikali, na serikali ikishaingia uani kwako haitoki, kisha anawapa karatasi ya kuipinga wasaini.

Nilimkuta Verlene anamwagilia.

"Bi Verlene, niambie hamjamsainia yule mtu."

"Merle amesaini. Na mimi nimesaini."

"Mmesaini kukataa maji?"

"Tumekataa kupangiwa maisha. Daktari alinipangia, kaka yangu alinipangia. Nimechoka, Ofelia." Akaendelea kushika mpira wake wa maji. "Na huo mji hauwezi kukatia watu maji. Sisi ni binadamu."

Bodi ikaanguka. Mwaka mpya ulipoingia, mji ukafunga koki.

Boza likawa linatoka mbali sana, linakuja likitaka. Watu wakaanza kula kwenye sahani za karatasi ili wasioshe vyombo. Na majira hayo hayo ya kuchipua, kama kwa kusudi, micheri ya Verlene ikachanua yote miwili, ikazaa. Hayakuwa mengi, matunda ya kujaa kiganja. Alinipungia mkono nishuke garini. Alikuwa ameyapanga kwenye kisosi cha mama yake. Nilikula moja, ikaanza kwa uchachu kisha ikawa tamu polepole. Yeye alikula yake amefumba macho, machozi yanamtoka bila aibu.

Akampelekea Merle kisosi. Merle akatafuna, akatema kokwa nje ya baraza.

"Za baba yako zilikuwa tamu zaidi."

Verlene akachukua kisosi chake akaingia ndani. Siku ile sikukaribishwa chai.

Joto likaja. Kijumba cha mabati bila kipoza hewa ni tanuri, na kipoza hewa chao kilikuwa cha maji, kinakunywa mchana kutwa. Verlene akaanza kuachia miti. Kwanza mikomamanga na mitini, akisema hiyo migumu, itajitegemea. Kisha mpichi. Kisha mtufaha, ambao alikaa ndani siku mbili asiutazame. Maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea aliyachota kwa ndoo akayapeleka kwenye micheri. Katikati ya Julai pampu ikaanza kuvuta hewa, na boza halikuwa limeonekana.

Nilikuwa kwa Dwight Ferrin nashusha dawa za farasi Verlene alipofika kwa miguu, uso mwekundu kama nyama.

"Jirani," akasema, "una kisima."

"Kile ni cha farasi, mama."

"Nakuomba madumu machache tu. Mume wangu hawezi kupumua kwenye joto hili, na nina miti miwili."

"Nikikupa wewe kesho nitakuta foleni. Unaelewa." Akagusa ukingo wa kofia yake. "Ningekuwa wewe ningeachana na hiyo miti."

Verlene akamkazia macho. Niliona kitu kinamfikia taratibu usoni.

"Bodi ingekiwekea mita kisima chako," akasema. "Ndiyo sababu ulikuja kwangu na kalamu. Wewe maji ulikuwa nayo siku zote."

"Hakuna aliyekushika mkono, Bi Dykhouse."

Na ni kweli, hakushikwa mkono. Nilimrudisha kwa gari la posta, ingawa sheria hairuhusu, nikampa madumu niliyokuwa nayo nyuma. Njia nzima alisema neno moja tu: "Kalamu yake ilikuwa nzuri."

Madumu yangu aliyamimina kwenye kipoza hewa, yote. Baada ya hapo hata maji ya vyombo yalikwenda kwenye tangi la kipoza hewa cha Merle, yamechujwa kwa kitambaa. Dhoruba ya vumbi ilipopita mwisho wa mwezi, ilikuta majani ya micheri yamekauka ikayapukutisha yote. Mashina yalibaki yamesimama, meupe kwa ile rangi.

Merle aliyaangalia kutoka barazani. "Nilikuambia tangu mwanzo ni kuni," akasema. Nilikuwapo. Nilitaka kumtupia kifurushi.

Boza lilikuja baadaye, na Merle akavuka kiangazi. Hewa ilipoanza kupoa, Oktoba, alipata nimonia akafia hospitalini bila kurudi nyumbani.

Nilimpelekea Verlene kadi za rambirambi, tukakaa mezani jikoni. Hakuzifungua.

"Nikikuambia kitu utakasirika?" akaniuliza.

"Sema, mama."

"Ningejua anaondoka Oktoba, ningeimwagilia miti."

Nikamshika mkono. Akauchomoa.

"Usinifariji. Nimemaanisha. Miaka arobaini na mtu yule, na hicho ndicho ninachokiwaza nikiamka."

Mwaka uliofuata wakubwa wa mji na wa serikali wakapatana, maji yakarudi, ghali lakini yakarudi. Watu walishangilia. Dwight Ferrin akaja na msumeno wa mashine, akajitolea kumkatia miti iliyokufa bure, kama jirani. Verlene alitoka na jembe la kuchimbia mashimo. Hakumpiga. Alisimama tu katikati ya Dwight na miti mpaka yule bwana akarudisha msumeno garini.

Kisha akaiangusha mwenyewe, kwa msumeno wa mkono, kidogo kidogo, juma zima. Neti ya kivuli akanipa mimi. Mwenye katalogi anaendelea kumtumia toleo jipya kila Desemba. Verlene ameniambia nisilipeleke, nami silipeleki.

Nyumba hajauza, kwa sababu mnunuzi aliyejitokeza ni mmoja tu, na anafuga farasi. Msimu wa cheri ukifika huzinunua dukani, zile za pakiti za plastiki zinazotoka jimbo la Washington. Anasema hazina ladha yoyote. Anazila zote pale barazani, anatupa kokwa kwenye changarawe.