Baraza la Bwana Ghulam

Bwana Ghulam alikuwa na duka la sufuria Mji wa Kale, lakini ukimwendea kununua sufuria ungetoka umechoshwa na habari za vigae vilivyozikwa chini ya mtaa. Wateja walimkimbia. Aliyeuza hasa ni mkewe, Bi Naqiya. Bwana mwenyewe alikuwa ameinama shimoni, uani kwa mtu, brashi mkononi, akifukua mambo ya kale pamoja na watu wa ofisi moja waliomwalika siku moja wakashindwa kumfukuza.

Mutanu alikuwa katika ofisi hiyo, na yumo hadi leo. Kazi yake ni kuzipa rekodi za machimbo mpangilio mmoja. Maana kila mchimbaji ana mazoea yake: huyu hupima kwa futi, yule kwa mita, huyu huita chungu kile ambacho mwenzake hukiita mtungi. Mutanu huyanyoosha yote yaingie katika hifadhi ya pamoja, ili mtu aliyechimba Lamu aweze kuyalinganisha na yake. Bwana Ghulam alipofariki, Mutanu aliapa kwamba mashimo ya mzee hayatabaki yatima.

Akaenda vizuri mpaka alipofika kwenye vina vya vitu vilivyofukuliwa. Hifadhi hudai kina cha kila kitu kihesabiwe kutoka usawa wa bahari. Bwana Ghulam alikuwa amepima vyote, maisha yake yote, kutoka baraza la nyumba yake, lile benchi la mawe lililojengwa mbele ya mlango. Wachimbaji wengine hupigilia chuma kwenye saruji kiwe alama ya kupimia, lakini yeye alikataa katakata: chuma kichochoroni kitawakwaza watoto, na baraza babu yake alilikuta pale pale, litakwenda wapi? Ni mtu wa Mji wa Kale tu awezaye kuliamini baraza namna hiyo. Mutanu alicheka. Ilibaki kulipima baraza lenyewe mara moja kutoka usawa wa bahari, na vina vyote vingejulikana.

Basi akatoka kwake Tudor asubuhi, yeye na Dancan, mpima ardhi. Nyumba ile hakuwa ameikanyaga tangu mzee aanze kuugua, kwa kuwa mzee hakupenda kuonwa katika hali ile. Alipofika mlangoni alisimama. Baraza halikuwapo. Palikuwa na mteremko wa saruji kutoka kizingitini hadi kichochoroni, na ukuta umepigwa plasta mpya.

"Ndoo ndani, mwanangu," Bi Naqiya alisema. "Mbona umesimama?"

"Bi Naqiya, lile baraza?"

"Nlilivunjisha. Mzee wangu miguu ilikuwa haimtukui tena, nami ndiye nikimbeba kila akitaka kuona njia. Mgongo ukaniuma. Tukapata kiti cha magurudumu, nikamwita fundi." Akatabasamu kidogo. "Basi fundi anakuja, mzee amwambia angoje, asivunje, mpaka apone atoke apime kitu. Nikamuuliza, utapona lini? Ndipo akamwambia fundi, vunja."

Mutanu alimuuliza kama akumbuka lilikuwa na kimo gani. Bi Naqiya akaweka kiganja chini ya goti, akakipandisha juu ya goti, akakirudisha. "Hapa. Au hapa." Dancan akaanza kukunja vyombo vyake.

Bila baraza, vitu vya Bwana Ghulam vingejuana vyenyewe kwa vyenyewe tu. Hakuna shimo jingine ambalo vingelinganishwa nalo, na kulinganishwa ndilo jambo pekee mzee alilolitaka. Mutanu aliona uchungu mpaka akashindwa kuuficha.

"Lilikuwa na kazi?" Bi Naqiya aliuliza, akimtazama.

Angeweza kumdanganya. Lakini huyu ndiye aliyeuza sufuria miaka yote ili mumewe achimbe. "Vipimo vyake vyote vilianzia hapo," alisema.

Bi Naqiya aliketi.

"Sasa mbona hakunambia? Angesema neno moja tu, nisingelivunja."

"Ungefanyaje na ule mgongo?"

"Ningembeba."

Akalisikia jibu lake mwenyewe, akajifunika uso kwa ushungi wa rida yake, akalia.