Binti Asiyeiona Ngumi

Mpiga saksafoni huyu hulowesha kibanzi cha kupulizia mdomoni hata anapoamkia watu, hivyo shikamoo yake hutoka nusu. Vidole havitulii; akikosa ala, hubonyeza vifungo vya koti. Jana alikuwa akijaribiwa kwa nafasi pekee iliyobaki kwenye bendi ya jazi. Kiongozi hunyanyua ngumi zamu ya mpigaji inapokwisha. Binti alifumba macho kabla ngumi haijapanda.

“Mwanangu, imetosha!” kiongozi akapaza sauti.

Wapi! Mpiga ngoma akacheka: “Mzee, huyo kakuweza.”

Kiongozi akamgusa bega. Binti akafumbua jicho moja, akamtazama, akampa mgongo na kuendelea kupuliza. Mzee akaguna, akafungua sanduku la tarumbeta yake, akaanza kuipuliza kumjibu.