Barasa Si Mtu wa Kumi na Nane

Kama unataka kubisha, bisha sasa hivi tumalizane. Nikishaanza sitaki kusikia "ah, ulikuwa umechoka" ama "ah, ni ukungu tu." Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala masaa saba, nimekunywa chai, na jua lilikuwa limeshatoka. Niliona nilichoona. Na baada yangu mtu mwingine naye aliona, mzee mwenye akili zake timamu, na karatasi aliyoniachia ninayo mpaka leo.

Nafanya kazi kwa uwanja wa gofu hapa Dubai. Jina la uwanja achana nalo. Napokea mikoba ya wachezaji, naosha fimbo zao, naendesha vile vigari vya umeme, na nasema "good morning sir" hata kama huyo sir jana alinitukana. Hasira zangu ziko karibu, hiyo nakubali. Lakini mtu wangu ni mtu wangu. Ukimgusa, umenigusa. Hilo liweke akilini, kwa sababu ndilo linaniuma.

Mtu wangu alikuwa Barasa, wa Bungoma. Tulikuja hapa mwaka mmoja, tukapewa chumba kimoja, kitanda cha ghorofa, yeye chini mimi juu. Yeye alikuwa upande wa nyasi: kukata, kumwagilia, na kusawazisha mabanka kwa reki, yale mashimo ya mchanga ambamo mipira ya matajiri hupenda kulala. Na huyo jamaa alijua gofu, bana! Hakuna aliyemfunza. Alikuwa na fimbo moja ya kuokota, imevunjika, ameifunga na selotepu, na mipira aliyoitoa kwa maji. Siku ya ofu tunaenda nyuma ya kambi ya wafanyakazi tunakolala, kwa changarawe, yeye anapiga, mimi nakimbia kuokota kama mbwa. Ukutani kwake alibandika picha moja tu, daraja dogo la mawe katikati ya nyasi. Liko St Andrews, Scotland, mji wa zamani ulio pwani, kule gofu inachezwa tangu babu za babu zao.

"Siku moja nitasimama juu ya hilo daraja," alikuwa akiniambia.

"Na viatu gani?" namjibu kutoka juu. "Hizo gambuti za kazi?"

"Utanikopesha zako. Si utakuwa kedi wangu, wa kunibebea fimbo?"

Usiku kucha ananieleza huo mji, mpaka mimi ambaye sijawahi kupanda ndege isipokuwa ile iliyonileta hapa, naujua kama Machakos kwetu.

Alianguka kwa banka la shimo la saba, mchana mmoja wa mwezi wa tano, reki mkononi. Moyo. Akaenda hivyo tu.

Begi lake nililifunga mimi mwenyewe. La mistari ya bluu na nyeupe. Zipu ilikuwa imekufa, kwa hivyo nikalizungushia kamba ya kijani na kuandika BARASA kwa kalamu nene. Likaenda kwao na ndege moja na yeye.

Kabla ya hiyo ndege kuondoka mama yake alinipigia. "Mwanangu, umeenda pale alipoanguka?"

"Bado, mama."

"Nenda. Mwite kwa jina lake. Mwambie, Barasa, twende nyumbani. Usipomwambia hatajua. Atabaki amesimama hapo hapo."

Mimi si wa kwao. Kwetu sikuwa nimeyasikia hayo. Na nilikuwa kazini, supavaiza ananipigia kelele yalla, yalla, haraka, wageni wamejaa. Baada ya masaa mawili mama akapiga tena. "Umeenda?"

Nikasema, "Nimeenda, mama. Nimemwambia."

Sikuwa nimeenda. Unaona uongo ulivyokuwa mdogo? Mama akashukuru, akalia, akaniombea baraka. Na tangu siku hiyo mimi sikukanyaga shimo la saba. Nikipangiwa huko nabadilishana na mtu. Nilikuwa nikijiambia ni huzuni.

Sasa, kuna mzee anaitwa Sir Pillai. Mhindi wa Kerala, mfupi, kofia nyeupe, amefanya kazi Dubai tangu hizi ghorofa ndefu hazijajengwa. Mke wake alikufa. Watoto wako mbali. Alikuwa anacheza peke yake kila Jumanne na kila Alhamisi, na akimaliza anakaa kwa benchi langu pale ninapooshea fimbo, anaongea na mimi kwa sababu nyumbani hakuna wa kuongea naye. Ikafika wakati wa kustaafu, arudi kwao moja kwa moja. Akaniambia, "Kabla sijaenda, nataka kucheza St Andrews mara moja tu. Hujui mtu wa kunipangia?"

Mtu wa kumpangia! Nikamwambia sir, kaa chini.

Nilimpangia hiyo safari kwa simu yangu, kwa karatasi, siku baada ya siku. Siku ya kwanza usicheze, tembea. Kuna kanisa kubwa la kale lililobomoka, zimebaki kuta na minara inatazama bahari. Kuna ngome juu ya jabali, ndani yake gereza limechimbwa kwenye mwamba, lina umbo la chupa, ukitumbukizwa hutoki. Kuna ukuta mrefu wa bandari, unatembea juu yake. Na Jumapili usibebe fimbo, kwa sababu Jumapili ule uwanja wa zamani hauchezwi, watu wa mji wanaingia bure na mbwa wao na watoto wao, wanatembea tu. Sir Pillai akanitazama. "Wewe umewahi kufika?" Nikasema hapana sir. Maneno yote yalikuwa ya Barasa. Kinywa tu ndicho changu.

Tukakwama mahali pamoja. Kuucheza ule uwanja wa zamani unaingia kura, siku mbili kabla, na kura haimchukui mtu mmoja. Lazima muwe wawili kwenda juu. Aliye peke yake anangoja kwa bahati yake, kama kuna watu watakubali kumwongeza.

Mzee akavua kofia. "Miaka yote hii," akasema, "sina hata mtu mmoja wa kuandika."

Aki, hiyo ilinichoma. Nikanyakua ile karatasi ya safari, pale chini ya jina lake nikaandika: Barasa. Kando yake unaandika namba ya uwezo wa mchezaji, na ikiwa ndogo ndiyo mtu ni hodari. Sikufikiria, nikaandika kumi na nane.

"Huyu ni nani?"

"Rafiki yangu, sir."

"Anacheza?"

"Anakushinda."

"Atakuja?"

"Wewe siku hiyo waambie ameugua."

Tukacheka wote wawili. Na nitakwambia ukweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya Barasa, umefika.

Hiyo karatasi tuliiona watu wawili tu. Shika hapo.

Siku ya tatu baada ya kuandika hilo jina, ukungu uliingia. Kama hujakaa Dubai hujui, utadhani huku ni jua tu. Wakati wa baridi unaamka asubuhi mji wote umepotea, ghorofa hakuna, barabara hakuna. Saa moja na nusu supavaiza akanituma nipeleke bendera shimo la saba. Nikatafuta wa kubadilishana naye. Hakukuwa na mtu. Nikaenda, kigari polepole, siioni hata pua yake.

Nikasikia reki. Shrrr. Shrrr. Nikasema hao ni wenzangu wa nyasi wamewahi. Nikasimamisha kigari, nikachukua bendera, nikaita, "Habari ya asubuhi!"

Reki ikanyamaza.

Mtu alikuwa amesimama katikati ya banka, amenipa mgongo. Yunifomu ya kijani. Na sisi wote tulikuwa tumebadilishiwa za bluu tangu mwezi wa tisa. Kwa miguu yake palikuwa na begi la mistari, kamba ya kijani, jina ubavuni kwa mwandiko wangu. Unanielewa? Begi ambalo liko Bungoma. Mama yake analitumia kuwekea blanketi.

Akasema, bila kugeuka, "Kumi na nane?"

Nikaishika bendera kwa mikono miwili.

"Umeniandika kumi na nane? Wewe uliyekuwa ukiokota mipira yangu? Mimi ni mtu wa kumi na nane?"

Sauti yake ilikuwa vile vile, ile ya kunichokoza kutoka kitanda cha chini. Ndiyo maana sikukimbia. Nikasema, "Barasa."

"Tunaenda lini? Nimeshafunga begi."

"Barasa, wewe..."

"Nimekaa sana hapa," akasema. "Nasikia kigari chako. Unafika shimo la sita, unazunguka, unatokea la nane. Kila siku. Nikawa nasema kesho atakuja. Wengine wote wanapita hapa, hata wasionijua. Wewe tu ndiye hupiti. Kumbe hukuwa rafiki yangu, ulikuwa mtu wa chumba kimoja."

Hapo ndipo nilipoharibu. Maneno niliyotakiwa kusema nilikuwa nayo. Mama alinipa, ni machache, hata mtoto anaweza. Lakini mtu aniambie mimi si rafiki? Mimi niliyekaribia kufukuzwa kazi nikigombana na ofisi ili mwili wake uende haraka? Mimi niliyebaki natazama kitanda chake kila siku mpaka wakamleta mtu mwingine? Damu ikapanda kichwani, woga na aibu na hasira vyote pamoja, nikapiga kelele: "Khalas, basi! Si ulitaka Scotland? Nimekuandika! Nenda! Nenda na huyo mzee, uniache!"

Akageuka kidogo. Uso sikuuona vizuri, ukungu. Akasema tu, "Sawa." Sio kwa hasira. Kama mtu aliyepewa ruhusa. Akabeba begi begani, akaingia kwenye weupe.

Ukungu ulipopanda nilikuwa bado nimesimama na bendera mkononi. Nusu ya banka ilikuwa imesawazishwa, mistari imenyooka kama nywele zilizochanwa. Nusu nyingine ovyo. Reki hakuna. Nyayo za kutoka hakuna. Nikasema, nikiwa nimechelewa, "Barasa, twende nyumbani." Nikarudia mpaka koo likakauka. Mchanga ulikuwa mchanga tu.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Aliyekuwa wa kuambiwa ndiye huyo.

Sir Pillai akasafiri. Aliporudi alikuja kwa benchi langu moja kwa moja, mzee anang'aa kama bwana harusi.

"Rafiki yako alikuja!" akasema.

Kitambaa kikaniponyoka.

Akanieleza. Kura iliwachagua. Asubuhi ya mchezo kulikuwa na ukungu kutoka baharini, baridi ya kukata masikio. Alikuwa anajiandaa kusema mwenzake ameugua, mara akamwona kijana amesimama kando, shati la kijani, hana hata sweta, begi la mistari begani. Mchezo mzima hakuzungumza. Alicheza kwa fimbo za mzee, mashimo yote. "Anasoma nyasi kama mtu aliyezilalia," Sir Pillai akasema. "Mbona ulimwandika kumi na nane? Angalia." Akanipa kadi ya alama. Safu ya kwanza yake, safu ya pili Barasa, mzee ameandika mwenyewe kwa penseli shimo kwa shimo. Mapigo sabini na tisa, na kwa gofu machache ndiyo uhodari. Kama hujui gofu, muulize anayejua kama hiyo ni ya mtu wa kumi na nane.

"Tulipomaliza nikamwambia twende tukale kitu cha moto. Akakataa. Alikaa pale kwa daraja la mawe. Nikamuuliza, unangoja nini? Akasema anakungoja wewe."

Sikumwambia mzee ukweli. Amerudi Kerala akiwa na furaha yake, na kila baada ya muda ananitumia ujumbe wa sauti, "Msalimie Barasa." Nitamwambia nini? Kwamba siku moja aliyocheza na mtu, alicheza na maiti? Acha akae nayo.

Lakini mama nilimwambia. Alinipigia yeye, kabla sijajipanga, akasema ameota tena. Zamani alikuwa akimwota mwanawe amesimama kwenye mchanga. Sasa anamwota kwenye nyasi, karibu na bahari, anatetemeka. Nikakaa chini kwa sakafu ya kambi nikamwambia yote, uongo, karatasi, kelele niliyopiga. Nilingoja anilaani. Hakunilaani. Akasema, "Basi wewe ndiye umempeleka. Wewe ndiye utamleta."

Mwezi uliopita mtu wa kwao alitoka likizo akaniletea kifurushi. Ni sweta, mama ameifuma mwenyewe, ya kahawia, mikono mirefu. Iko chini ya mto wangu. Usiku, huyu mpya wa kitanda cha chini anakoroma, kijana mzuri wa Kampala, hana kosa lolote, na mimi niko juu napanga safari. Sitaki kanisa la kale. Sitaki ngome. Visa sijapata, lakini sijaacha kutafuta. Mimi nataka Jumapili moja tu, siku isiyo na gofu, niingie na wenye mbwa wao nifike kwa lile daraja.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, hasa ukiwa huku ughaibuni: mwenzako akianguka, uliza kwao husemwa nini, uende ukakiseme pale pale alipoanguka, siku ile ile, hata supavaiza apasuke. Usimwambie mama yake umeenda kama hujaenda. Na usiandike jina la marehemu kwenye safari ambayo wewe huendi. Atakwenda. Barasa hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, na sasa hivi amekaa kwenye mawe, na huko kuna baridi.