Mwaka wa Mfuko

Denise Tjaden alimaliza shule ya sekondari bila kurusha mpira kikapuni hata mara moja katika mechi, ingawa alikuwa amecheza tangu utotoni na kaunti nzima ilimhesabu miongoni mwa wachezaji wake bora. Wasichana anaowafundisha sasa hudhani ni mzaha. Si mzaha.

Enzi zetu hapa jimboni Iowa wasichana walicheza sita kwa sita. Watatu walinzi, watatu washambuliaji, na mstari katikati ya uwanja. Mlinzi hakuuvuka, mshambuliaji naye hakuuvuka. Mlinzi akipora mpira, alikimbia nao mpaka mstarini, akasimama, akawapa wenzake wa ng'ambo, kazi yake ikaishia hapo. Denise alikuwa mlinzi. Mimi nilikuwa mshambuliaji. Tulicheza timu moja miaka yote ya shule, tukapanda basi moja, tukala meza moja, na hatukuwahi kusimama nusu moja ya uwanja wakati wa mechi. Nilimjua zaidi kwa mikono yake, ile iliyokuwa ikitokeza juu ya mstari na kunipa mpira.

Alipomaliza shule alikuja hapa Ostrand, kwenye chuo hikihiki anachofundisha leo. Vyuoni walikuwa wakicheza watano kwa watano, na uwanja wote ni wa kila mtu. Kiangazi chote alifanya mazoezi nyuma ya ghala la baba yake, anarusha, anaokota, anarusha. Alijiona yuko tayari. Kocha wa wakati huo naye alimwona yuko tayari, akamwingiza katika mechi ya kwanza ya nyumbani, yeye mtoto wa mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa. Denise akapora mpira. Mbele yake hapakuwa na mtu, njia nyeupe mpaka kikapuni. Alikimbia mpaka mstari wa katikati, akasimama.

Miguu ilisimama yenyewe. Mwenzake aliyekuwa akimfuata alimgonga mgongoni na mpira ukatoka nje. Ukumbi ulicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Wanawake wengi mle ndani walikuwa wamecheza sita kwa sita na walijua hasa kilichompata. Lakini walicheka, na kocha akamwita nje, akamkalisha, asimwingize tena mpaka msimu ulipokwisha. Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa pikapu, baba yake, mtu wa maneno machache, alisema tu, "Hata mimi ningesimama."

Miaka mingi baadaye, alipokabidhiwa timu hiyohiyo, Denise alijiwekea sheria. Hakuna mtoto wa mwaka wa kwanza atakayeingia uwanjani kabla hajaiva, na kuiva kulichukua mwaka mzima. Mwaka huo wangebeba mfuko mkubwa wa mipira, wangejaza chupa za maji, wangekaa mwisho wa benchi na kutazama. Chuoni watu wakazoea kuuita mwaka wa mfuko. Watu wa mji walisema ni ukali, na wengine walijifurahisha kwa hilo. Verlyn, yule muuza mbolea, ana sauti ya kuita ng'ombe. Timu ikianza kuzidiwa, hakosi kupaza:

"Denise! Hao watoto wameshaota mizizi hapo! Wamwagilie maji au wang'oe!"

Ukumbi unacheka, Denise hageuki.

Mimi hukaa meza ya saa na honi, ile inayopigwa mchezaji anapobadilishwa, karibu kabisa na benchi lake, na sikuwahi kuuona ukali huo. Niliona mtu anayewaficha watoto nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo kicheko cha ukumbi hakifiki.

Msimu ninaousimulia, watoto wa mfuko walikuwa watatu. Mmoja wao, Haley Wubben, alitoka shamba la nguruwe kaskazini mwa mji. Mazoezini mpira ulimtoka vidoleni taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani, na ukaingia. Baba yake, Dale, hakukosa mechi. Alikuwa akimaliza kulisha mifugo, anaoga, anavaa kofia yake safi, ile ya kampuni ya mbegu, kisha anakaa karibu na mlango na bisi zake. Haley haingii. Mechi ikiisha Dale anakunja karatasi ya bisi, anampungia bintiye mkono, anatoka kwenda kuwasha gari lipate joto.

Kila mechi ilikwenda vilevile. Wakubwa walianza vizuri, wakaongoza, halafu robo ya mwisho miguu ikawa mizito na tukashindwa. Verlyn aliendelea kupiga kelele. Denise aliendelea kutogeuka.

Jumapili moja mapema Desemba, baada ya kanisa, timu ilikwenda kula kwa Denise kama kawaida, supu ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini. Nami nilikuwepo, nasaidia jikoni. Wengine walipokwenda sebuleni kutazama televisheni, Haley alibaki, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani ambazo Denise alikuwa akiosha.

"Kocha," alisema, "nataka nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu. Baada ya Krismasi sirudi."

Denise hakuacha kuosha. "Kuna mtu amekuudhi?"

"Hapana."

"Masomo?"

"Masomo yanakwenda. Nitamsaidia baba shambani, halafu nitaona."

"Baba yako amekuita?"

"Baba? Baba hata hajui. Nikimwambia atasema 'haya', basi." Haley alicheka kidogo. "Kocha, sikulaumu. Ila sijui kama naweza. Nikiwa pale mwisho wa benchi sijui chochote. Afadhali niingie nishindwe, nijue mimi si mchezaji, niende zangu nikalishe nguruwe kwa amani."

"Unadhani kushindwa mbele ya ukumbi ule ni jambo dogo?"

"Sidhani. Sijui. Ndiyo nasema, sijui."

Hapo Denise alifunga bomba, akafuta mikono, akamweleza. Mambo ya mstari, ya miguu, ya kicheko. Sikuwahi kumsikia akimsimulia mchezaji. Aliyaeleza upesi, bila kupamba, kama anayesoma orodha ya kununua vitu dukani. "Kwa hiyo," akamalizia, "nisingependa likupate wewe."

Haley alikuwa ameshika sahani iliyokwisha kukauka zamani. Aliuliza kwa upole, kama mtoto anayetaka tu kujua:

"Na lililokuuma ni lipi, Kocha? Kusimama pale, au kutolewa?"

Denise alimtazama. Kisha akamnyang'anya ile sahani, akaiweka kabatini mwenyewe.

"Nenda kawaambie wenzako mikate bado ipo," alisema.

Tulipobaki wawili alikaa kwenye kiti cha jikoni. "Umemsikia, Peg?"

"Nimemsikia."

"Ulikuwepo siku ile. Ulicheka?"

"Nilicheka," nilimwambia. "Kisha nikangoja uingie tena nikupigie makofi. Hukuingia."

Alisimama, akafungua tena bomba, akaendelea kuosha.

Katikati ya wiki hiyo, kabla ya mazoezi, alimwita Brooke Hinrichs, nahodha, msichana wa mwaka wa mwisho. Nilikuwa nafunga nyaya za ubao wa alama, nikasikia yote bila kutaka.

"Nitachukua sehemu ya dakika zako," Denise alimwambia. "Nitawapa watoto. Jumamosi wa kwanza kuingia atakuwa Haley."

Brooke alijaribu kufanya utani. "Magoti yangu yamekuwa yakikuomba hivyo tangu Oktoba, Kocha." Halafu utani ukamwishia. "Lakini mimi nilibeba mfuko mwaka mzima. Mama alikuwa akiendesha gari kutoka Nebraska kuja kunitazama nimekaa."

"Najua."

"Kwa hiyo nilibeba bure?"

Nilidhani Denise atatoa hotuba juu ya subira, ile aliyokuwa akiitoa kila mwaka. Hakuitoa. "Ulibeba kwa sababu ya woga wangu," alisema. "Ningekuingiza. Ulikuwa unaweza. Nisamehe, Brooke."

Brooke aliutazama mpira uliokuwa mikononi mwake, akaugeuza huku na huku. "Uliona kuwa naweza?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Ungeniambia basi!" Sauti ilimpasuka katikati. Alifuta pua kwa ukosi wa fulana, akaudunda mpira mara moja. "Haya. Lakini mfuko aubebe mpaka Krismasi. Sheria ni sheria."

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani kabla ya likizo. Nje theluji ilikuwa imelala hadi madirishani, ndani watu wamevua makoti na kuyakalia. Dale Wubben alikuwa karibu na mlango na bisi zake. Robo ya pili Denise alisimama, akatembea mpaka mwisho wa benchi, akamgusa Haley begani.

Haley alikuja mezani kwangu kuripoti, kama inavyotakiwa. Midomo ilikuwa myeupe. "Wubben," alisema, kana kwamba simjui.

Nilipiga honi, akaingia. Nilitupa jicho mlangoni. Dale alikuwa amesimama, bisi zimemwagika kiatuni, wala hana habari.

Mpira wa kwanza aliopewa Haley, aliupasia moja kwa moja mikononi mwa wapinzani, nao wakakimbia wakafunga. Wa pili aliurusha. Haukugusa chuma, haukugusa ubao, haukugusa chochote. Ulipita chini ya kikapu ukamwangukia mpiga tarumbeta wa bendi ya chuo. Kicheko kikapanda kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine, kilekile ninachokijua, kisicho na ubaya na kinachouma.

Haley alitazama benchi. Nilimwona anaanza kutembea. Hakuna aliyemwita, lakini alikuwa amekwisha geuza mabega kuja kwetu, kama mtoto aliyevunja kitu anayekwenda mwenyewe kwa mama yake. Na kweli mkono wa Denise ulikuwa umepanda, mkono wa mazoea, vidole viwili, ishara yake ya kumtoa mchezaji, na Brooke kwa mazoea hayohayo alikuwa amevua koti la joto na kupiga goti mbele ya meza yangu.

"Hinrichs, kumi na mbili," aliniambia, jina na namba ya jezi.

Mpira ulikuwa nje, mchezo umesimama. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha honi.

"Peg," Denise alisema. "Usipige."

Alikuwa amesimama kando ya meza, ameukunja ule mkono kifuani kana kwamba umeungua. "Brooke, mwanangu, rudi ukae."

Brooke aligeuka akamtazama, kisha akamtazama Haley aliyekuwa bado anakuja. Alisimama pale pembeni mwa uwanja, akaweka viganja mdomoni.

"We Wubben! Unakwenda wapi? Huku hakuna aliyekuita! Benchi limejaa! Rudi ukalinde!"

Haley alisimama. Alimtazama Kocha. Denise alimwonyesha kwa kidole upande wa pili wa uwanja, ng'ambo ya mstari, akakaa chini na kuweka mikono mapajani. Haley akageuka akakimbia.

Hakufanya maajabu siku hiyo. Alipoteza mpira mwingine, akapora mmoja. Robo ya tatu alirusha kutoka pembeni, mbele kabisa ya baba yake, mpira ukazunguka juu ya chuma kama usiotaka kuamua, ukaingia. Wenzake wawili wa mfuko nao waliingia, na mmoja alianguka mwenyewe bila kuguswa. Verlyn alipaza sauti, "Ameng'oka! Bwana asifiwe!" na safari hii Denise aligeuka.

"Verlyn," alimwita, "kama unataka jezi sema, ninayo ya saizi yako!"

Tulishindwa kwa kikapu kimoja, lakini robo ya mwisho wakubwa walikuwa bado wanakimbia.

Watu walipokuwa wakivaa makoti, Dale alikuja mpaka kwenye benchi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Si vibaya," alimwambia Denise.

"Hapana," Denise alisema. "Si vibaya."

Kwa watu wa kwetu, hayo ni maneno mengi sana. Dale alirudisha kofia kichwani, akatoka kwenda kuwasha gari.

Haley alikuwa akikusanya mipira. Aliijaza mfukoni, akafunga kamba, akautweka begani mpaka ukamwinamisha, akaenda nao kuelekea stoo. Njiani akasimama.

"Kocha, baada ya Krismasi mazoezi yanaanza lini?"

Denise alikuwa amenipa mgongo, anakunja taulo. Nilipomsogelea niliona anafuta macho kwa taulo hilohilo.

"Siku ya pili ya mwaka," alisema, bila kugeuka. "Saa tatu asubuhi. Uje na viatu vikavu."

"Haya," alisema Haley, kama baba yake.

Mwaka uliofuata hatukusikia tena mtu akitaja mwaka wa mfuko. Mfuko wenyewe bado upo, umetoboka chini, na huubeba yeyote aliye karibu nao. Mara nyingi ni Denise. Huuvuta sakafuni akipita katikati ya uwanja, nami kabla ya kuzima taa upande wangu humngoja kwanza avuke mstari.